Waliokalia Mikono

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita tulimwacha Mwenyekiti amesimama mbele ya ukumbi, kipaza sauti mkononi, jasho mgongoni. Mgombea aliyeletwa na makao makuu ya chama alikuwa ameshasimama, ameshafunga kifungo cha koti, ameshatabasamu. Yalibaki makofi tu. Makofi hayakuja. Feni la darini lilizunguka peke yake, kisha sauti ya mwanamke ikapasua kimya kutoka viti vya nyuma: "Mimi sipigi!"

Mwenyekiti hakuhitaji kuuliza ni nani. Sauti ile ndiyo iliyomwambia asubuhi kwamba soksi zake hazifanani.

Alikuwa mkewe.

"Mama Watoto," alisema, akasahau kwamba kipaza sauti kinamrusha hadi barabarani. "Kaa chini, tafadhali."

"Nimekaa."

"Basi punguza sauti."

"Nipunguze nini? Nimekaa, na mikono nimeikalia. Njoo uitoe."

Watu wakageuka. Kweli, alikuwa ameingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake, ametulia tuli. Pembeni yake alikaa kaka yake, muuza nyama, mtu mpana kama kabati, naye vilevile. Mwenyekiti akapitisha macho mstari kwa mstari. Fundi bomba, amekalia mikono. Mshona viatu, amekalia mikono. Mwalimu mstaafu aliyemfundisha kusoma, amekalia mikono na macho ameyafumba kabisa, asije akashawishika.

Ukumbi mzima ulikuwa umejikalia.

Kwa asiyeijua desturi ya Chama cha Nguzo: chama hiki hakijawahi kuhesabu kura ndani yake. Waasisi walisema kuhesabu ni kazi ya watu wasioaminiana. Mgombea anasimama, wanachama wanapiga makofi, mwenyekiti wa tawi anatamka maneno mawili tu: "Ukumbi umesema." Basi. Imepita, twende chai. Miaka yote hiyo makao makuu yalileta jina, ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje siku mikono ikigoma.

Na hawa hawakuwa wahuni, msije mkadhani. Hawa ndio wanaofika mkutanoni kabla ya viti. Ndio wanaokunja bendera kwa pembe nne na kumgombeza anayeikunja kwa tatu. Walijiunga na chama hiki kwa sababu kiliahidi kwamba mambo yatabaki yalivyo. Kuasi hawakujua. Hawakuwahi kujifunza. Ndiyo maana siku walipochoka hawakuvunja dirisha hata moja. Waliasi huku wamekaa vizuri, magoti pamoja.

Katibu kutoka makao makuu alinyanyuka. Alikuwa mtu mwembamba, mnukio wake unatangulia, viatu vyake havijawahi kukutana na vumbi. Akamnyang'anya Mwenyekiti kipaza sauti kwa tabasamu.

"Tubaki!" aliita.

Mwitikio wa chama ni "Tulivyo!", na kwa kawaida hutikisa mabati. Safari hii aliitikia mzee mmoja tu wa mstari wa pili, ambaye masikio yake yalikuwa mazito na hakuna aliyekumbuka kumweleza mpango.

"Tulivyo!" alipaza yule mzee, kisha akatazama huku na huku. "Mbona niko peke yangu?"

Jirani yake akamnong'oneza. Mzee akaguna, akaingiza mikono chini ya mapaja.

"Ndugu zangu," Katibu alisema, tabasamu halijatetereka. "Kuna tatizo?"

Muuza nyama akasimama, mikono kaificha nyuma. "Mheshimiwa, unataka tuanzie wapi?"

"Popote, ndugu yangu. Chama ni chenu."

"Haya. Shule yetu. Mlisema haitafungwa."

"Haikufungwa. Iliboreshwa ikawa kituo cha ubunifu."

"Kinabuni nini?"

Katibu alisita. "Kwa sasa kinabuni jina."

"Ushuru wa soko. Mlisema utashuka."

"Umepanda kidogo kuliko ambavyo upande wa pili wangeupandisha."

"Kwani upande wa pili walisema wataupandisha?"

"Hawakusema. Lakini tunawajua."

Ukumbi ulianza kuvuma, ule mvumo wa nyuki walioguswa mzinga. Mke wa Mwenyekiti akasimama. Safari hii hakupiga kelele, na mumewe akaogopa zaidi.

"Mimi sina mengi, mheshimiwa. Upande wa pili walisema watapitisha barabara makaburini. Nikasema hawa watu hawana adabu, hata wafu hawawapi nafasi. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaombea nyinyi kura mpaka soli ikabanduka. Mkashinda. Sasa nakuuliza, hiyo barabara nani kaipitisha?"

"Mama, ile kitaalamu si barabara. Ni mchepuko wa muda."

"Una lami na taa."

"Mchepuko wa muda wa kudumu."

"Mama yangu alilala pale." Alinyoosha kidole kuelekea dirishani, halafu akaurudisha mkono nyuma haraka. "Alipokuwa hai hakuna mtu aliyeweza kumtoa hata kwenye kiti chake. Nyinyi mmemtoa na greda. Mkanitumia ujumbe kwenye simu, 'Mpendwa mwanachama, ndugu yako amehamishwa.' Amehamishiwa wapi? Nimeuliza ofisi nne. Kila ofisi inaniambia suala langu litaangaliwa kwa mapana yake."

Feni lenyewe lilionekana kuzunguka kwa adabu.

"Mapumziko ya chai!" alisema Katibu.

*

Stoo ya ukumbi ilijaa viti vilivyovunjika miguu na mabango ya kampeni za zamani, sura juu ya sura, zote zinatabasamu. Katibu alimwingiza Mwenyekiti humo, akamwita na mgombea, akaurudishia mlango.

Huyu mgombea watu wa mtaani walimpa jina siku ile ile alipowasili: Suti. Alikuwa bado kijana, mpole, na mara mbili tangu asubuhi alikuwa ameuliza mji huu unaelekea mashariki au magharibi. Mfukoni alikuwa na hotuba aliyoandikiwa.

"Mzee wangu," Katibu alimwambia Mwenyekiti, "mbona unatuaibisha?"

"Si mimi, mheshimiwa. Ni watu."

"Watu!" Katibu alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto ametaja nchi asiyoijua. "Mzee, hapa tuko watu wazima. Wale ni samani."

"Samani?"

"Samani za chama. Utazikalia, utazisogeza ukutani, utazifunika shuka wakija wageni wa maana. Ukirudi, zipo. Wataenda wapi wale? Upande wa pili? Wanauchukia ule upande kuliko wanavyotupenda sisi. Hiyo ndiyo siri ya ushindi wetu, wala si siri."

Mwenyekiti aliviangalia viti vilivyovunjika, akajikuta ameangalia pembeni.

"Lakini wanataka nini hasa?" aliuliza Suti.

Wote wawili wakamgeukia. Lilikuwa swali lake la kwanza lisilohusu dira.

"Wanataka kulalamika," Katibu alijibu. "Ukiwapa wanachotaka, watalalamika nini? Utakuwa umewaonea." Akamgeukia Mwenyekiti, akaweka mkono begani. "Sikiliza, mzee. Baraza la Wazee la Taifa lina nafasi. Gari, dereva, na unakaa kiti cha nyuma kama mtu. Wewe kazi yako ni maneno mawili tu."

"Na wasipopiga makofi?"

"Ukumbi huu uko kwa jina la makao makuu. Tawi lisilopiga makofi limekufa, na maiti haihitaji ukumbi. Kuna watu wanatafuta mahali pa kuegesha malori."

Mwenyekiti alikuwa mwokaji mikate. Alipokuwa kijana alizibeba tofali za ukumbi huu kichwani pamoja na baba yake, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwa na ukoo mwingine uliomkaa moyoni kama chama. Wengine wana shamba, wengine wana mpira. Yeye alikuwa na beji ya duara yenye nguzo ndogo ya shaba kwenye koti, na maneno mawili ambayo yeye pekee mjini aliruhusiwa kuyatamka.

"Na usihangaike na mikono yao," Katibu alimalizia, akatoa leso nyeupe mfukoni, akaikung'uta. "Nimeshaagiza wanachama wa akiba. Basi zima. Wameambiwa wakiiona leso hii, wanapiga makofi mpaka wachubuke." Akamfungulia Mwenyekiti mlango, yeye na Suti wakabaki ndani.

*

Barazani, wanawake wa tawi walikuwa wanamimina chai. Walikuwa wameasi, ndiyo, lakini zamu ya chai ilikuwa yao na hawakuona sababu ya kuiharibu.

Katikati yao alisimama Honi.

Huyu Honi aliuza matairi ya mitumba na alipiga simu redioni kila asubuhi kumtukana mtu. Ndiye mwiba wa makao makuu msimu huu. Waasi walimtaka yeye awe mgombea. Alikuwa na sauti ya kusimamisha lori na alipenda sana kuitumia.

"Mwenyekiti!" alinguruma. "Leo tunawang'oa hawa! Mizizi na shina!"

"Wewe si ulikuwa upande wa pili hadi mwaka jana?"

"Nilikuwa nawapeleleza."

"Miaka kumi?"

"Nilipeleleza kwa makini." Akamgeukia mke wa Mwenyekiti, akashika moyo. "Na mama, suala lako nimelibeba. Siku ya kwanza nikiapishwa, mama yetu anarudi mahali pake. Nitamchimba kwa mikono yangu!"

"Mtamchimba mara ngapi huyo mama mkwe wangu?" Mwenyekiti aliuliza, akamvuta mkewe hadi kwenye kona ya baraza, karibu na pipa la maji.

"Mama Watoto, huyu ni mpuuzi."

"Najua."

"Hana imani na kitu chochote. Kesho akiahidiwa kuku atakuwa mfuga kuku."

"Baba Watoto, si nimekwambia najua? Niko naye tangu asubuhi, masikio yananiuma."

"Sasa kwa nini?"

Alifuta mikono kwenye kanga, polepole. "Wenye adabu nimewapikia miaka yote. Wananiita mama. Wananishika mkono kwa mikono miwili. Wananisahau kabla hawajafunga mlango wa gari. Huyu mpuuzi aliniuliza mama yangu alikuwa anaitwaje. Ndiye wa kwanza."

Mwenyekiti alitaka kumweleza neno lile la stoo, samani, lakini likamkwama. Aliona aibu nalo, utadhani yeye ndiye aliyelitamka.

"Nikitangaza Honi, tawi linafungwa," alisema badala yake. "Ukumbi unakuwa maegesho ya malori."

"Na ukimtangaza yule wa koti?"

Mwenyekiti akalitazama pipa la maji.

"Kunywa chai," mkewe alisema. "Inapoa."

*

Waliporudi ndani, kuta zilikuwa zimejaa. Wanachama wa akiba walikuwa wameshuka kwenye basi, wamevaa fulana za chama zenye mikunjo ya kiwandani kifuani. Hakuna aliyewajua. Mmoja alimuuliza muuza nyama kwa heshima zote, "Samahani mzee, hapa ni harusi au ni nini?"

"Bado haijajulikana," muuza nyama alijibu.

Katibu alikaa mezani, leso tayari mfukoni, amestarehe. Suti alikaa pembeni yake kwenye kiti cha mgombea, kile chenye mto. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wanachama, tunaendelea na uteuzi..."

"Utaratibu!" Muuza nyama alikuwa amesimama. "Shemeji, samahani, Mwenyekiti. Desturi yetu inaruhusu mwanachama kuongeza jina au hairuhusu?"

Mwenyekiti akamtazama Katibu. Katibu akatikisa kichwa kusema hapana. Lakini ukimuuliza mtu wa desturi kuhusu desturi, hawezi kudanganya. Ni kama kumuuliza kama mkate umeiva.

"Inaruhusu," alisema.

"Basi naongeza jina. Honi!"

Honi akaruka juu ya kiti, mikono hewani. Katibu hakutegemea hili. Alikuwa amehakikishiwa na watu wake kwamba wazee hawa hawatathubutu. Damu ikamjaa usoni, jasho likamchuruzika, na bila kufikiri akafanya ambalo mtu yeyote mwenye jasho na leso angelifanya.

Akatoa leso, akajifuta.

Kuta zikalipuka. Wanachama wa akiba walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakapiga vigelegele, mmoja akapiga dirisha. Katibu akaruka kutoka kwenye kiti, akapunga leso kwa nguvu kuwaambia hapana, hapana, acheni! Wao wakaona wanatiwa moyo. Wakaongeza.

Ukumbi uliduwaa. Kisha muuza nyama akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akachomoa mikono yake minene na kujiunga. Mstari wa nyuma ukafuata, ukafuata wa katikati. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaliwa muda mrefu, kwa hiyo watu walipiga makofi huku wamekunja sura kwa maumivu, lakini walipiga. Mwalimu mstaafu alifumbua macho, akaona kinachoendelea, akapiga.

Suti alikaa kwenye mto wake, mikono magotini, kama abiria aliyepanda gari silo.

Sasa, Katibu alikuwa na mengi, ila ujinga haukuwamo. Mwenyekiti alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka meza kuu, na aliona kila kitu. Aliona Katibu anaikunja leso. Aliona anamwendea Honi katikati ya kelele zile, anamwinamia sikioni. Aliona Honi ananyanyua nyusi. Katibu akashika usukani wa hewani, akaukata kushoto, kulia. Honi akafikiri. Haikuzidi muda wa kupenga kamasi. Halafu akatikisa kichwa kukubali, na wakapeana mikono chini ya kitambaa cha meza.

Katibu akamgonga Suti begani. "Kijana, hebu pisha."

"Nipishe?"

"Kiti."

Suti akasimama. Honi akaukalia mto, akajaribu ulaini wake. Suti akabaki amesimama na hotuba yake, hana pa kukaa.

"Ndugu zangu!" Katibu alikuwa ameshakinyakua kipaza sauti, uso unang'aa. "Makao makuu ni sikivu! Kwa kweli Honi tulimjua tangu zamani. Tulimtanguliza huyu kijana ili kuwapima, na mmefaulu! Leo ukumbi umesema, na sisi tumesikia. Mwenyekiti, tangaza!"

Paa lilitaka kung'oka. Walilia, walikumbatiana. Yule mzee wa mstari wa pili alipaza "Tulivyo!" bila kuitwa. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kukipigia chama chao kura, walikuwa wamepata kitu walichokitaka.

Na Mwenyekiti, je? Fikirieni wenyewe. Ukumbi hauendi kwa malori. Tawi linabaki. Baraza la Wazee linamsubiri. Mkewe alikuwa amesimama juu ya kiti pale nyuma, uso wake umechanua kama siku ile alipoposwa, anamwita kwa sauti yote aliyonayo: "Sema, Baba Watoto! Sema!"

"Sema, shemeji!" aliitikia muuza nyama.

Maneno mawili tu. Mwenyekiti akakipokea kipaza sauti.

"Ukumbi..." alisema.

Akamwona Honi anamkonyeza Katibu.

"Ukumbi haujasema."

Kelele zilikatika kama redio iliyochomolewa umeme.

"Nusu ya makofi haya yamekuja na basi," Mwenyekiti aliendelea. "Na huyu Honi amenunuliwa sasa hivi, hapa, chini ya kitambaa hiki cha meza. Nimeona kwa macho yangu. Na jambo lingine. Kule stoo, Katibu ametuita samani. Amesema tunakaliwa, tunasogezwa ukutani, na hatuna pa kwenda. Nilipaswa kuwaambia tangu mapumziko. Nimewaambia sasa."

Alisubiri. Alijua ukumbi huu utamgeukia Katibu.

"Kibaraka!" alipiga kelele mtu.

Mwenyekiti hakuelewa mara moja kwamba anaambiwa yeye.

"Mtu wa makao makuu huyo!"

"Tumepata wetu, anatuzuia!"

"Miaka yote anatuletea suti, leo anajifanya mkali!"

Na hili la mwisho, jamani, lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimchoma. Katibu alikunja uso kwa huzuni kubwa, huzuni ya mtu anayefurahia.

"Mnaona, ndugu zangu? Mlidhani tatizo ni sisi kule juu. Kumbe mlikuwa nalo hapa hapa, linawaokea mikate."

"Shemeji," alisema muuza nyama, na sauti yake nene ilikuwa imelegea. "Hata wewe?"

Katibu akanyoosha kiganja mbele ya Mwenyekiti. "Beji."

Ilichukua muda kuitoa. Pini ilikuwa imeshazoea koti. Ilipotoka iliacha duara jeusi, mahali ambapo jua halikuwahi kufika.

"Kuanzia sasa wewe ni mwokaji mikate tu," Katibu alisema.

"Nilikuwa mwokaji hata kabla yako," Mwenyekiti alijibu, lakini hakuna aliyecheka.

Mkewe alikuwa anakuja mbele. Watu walimpisha, wakitegemea kofi la aina nyingine. Alimkaribia mumewe mpaka vidole vya viatu vyao vikagusana.

"Ulichosema ni kweli?"

"Niliwahi kukudanganya?"

"Ndiyo. Ulisema uji wa mama yangu ni mtamu."

"Ule ulikuwa uongo wa ndoa."

"Na hili?"

"Hili si la ndoa, Mama Watoto. Hili ni kweli tupu."

Mkewe akamgeukia Honi, pale kwenye mto.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "barazani uliniahidi jambo kuhusu mama yangu. Lirudie hapa, watu wasikie. Anarudi au harudi?"

Honi akafungua mdomo. Mdomo ule haujawahi kumwomba mtu ruhusa. Ulimtukana waziri akiwa hai na mtangulizi wake akiwa kaburini. Ukabaki wazi, bila sauti.

Honi akamtazama Katibu kwanza.

Mstari wa mbele wote ukaona.

"Suala la makaburi," Honi alisema, akasafisha koo, "litaangaliwa kwa mapana yake."

Hakuna mtu ukumbini ambaye hakuijua sentensi ile. Walikuwa wameambiwa kuhusu shule. Walikuwa wameambiwa kuhusu ushuru. Muuza nyama alikaa chini taratibu, mkono kautia usoni. Mwalimu mstaafu alisema neno moja ambalo hakuwahi kulifundisha darasani.

Mwanamke alinyoosha mkono kwa mumewe bila kumtazama. Mumewe akampa kipaza sauti.

"Naongeza jina," alisema. "Langu."

"Uteuzi umekwisha!" Katibu alikuwa amesimama. "Zimeni kipaza hicho! Zimeni!"

Mtu akachomoa waya. Kipaza sauti kikakata.

Akakiweka mezani, juu ya kitambaa. Sauti yake haikuwahi kuhitaji waya. "Mimi si mwanasiasa. Naoka mikate na mume wangu. Gari sitaki, naumwa tumbo nikipanda. Nataka kujua mama yangu yuko wapi, na nataka mtoto wa jirani asome karibu na nyumbani. Kama mnanitaka, mikono mnayo. Kama hamnitaki, ikalieni tena, twende tukaoshe vikombe."

Watu wakatazamana. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Hawa, kumbukeni, ni watu ambao maisha yao yote hawajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na waliona fahari juu ya hilo. Muuza nyama alimtazama dada yake, akatazama viganja vyake. Wanachama wa akiba wakamtazama Katibu. Katibu aliizamisha leso mfukoni mpaka kiwiko kikapotea.

Mwenyekiti alisimama katikati, koti lina duara jeusi. Anayesimamia mkutano hapigi makofi, ndiyo desturi. Lakini yeye hakuwa anasimamia tena mkutano wowote. Akampigie makofi mkewe mwenyewe, dhidi ya chama cha baba yake, ndani ya ukumbi wa tofali alizobeba? Mikono yake ilipanda yenyewe, ikafika kifuani, ikasita.

Pa.

Haikuwa yake.

Pa. Pa.

Makofi yalitoka mbele, upande wa meza kuu. Watu walisimama kwenye vidole kuona. Suti, amesimama bila kiti, alikuwa amekunja hotuba yake na kuitia kwapani ili mikono iwe huru, na alikuwa anapiga makofi, peke yake, polepole, ameiva uso mpaka masikioni.

"Kijana!" Katibu alimaka. "Una wazimu? Unafanya nini?"

"Napiga makofi, mheshimiwa," Suti alijibu, akaendelea kupiga. "Na nikimaliza nitawaeleza hawa watu kila ulichokisema kule stoo, maana mzee wao hakusikia yote. Yeye ulipomtoa, mimi nilibaki."